Moto Aliouficha Navalayo

"Fungua mdomo, Mama."

"Nifungue nikuonyeshe nini? Kwani wewe siku hizi ni daktari wa meno?"

"Fungua tu. Kama hakuna kitu, unaogopa nini?"

"Meno yenyewe yamebaki manne, Rachael. Yakipigwa na jua ghafla yatakimbia."

Rachael hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya mlango wa jikoni, mikono kiunoni, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, na alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe moshi ukitoka puani mwa mama mkwe wake kama bomba la kiwanda cha sukari.

"Uliahidi mbele ya pasta," alisema. "Jumapili hii unasimama mbele ya watu unaokoka. Wazee wa kanisa wanakuja hapa kula ingokho, mimi nimeshachagua mpaka jogoo. Halafu bado unavutanga hiyo kitu!"

"Ni moshi wa kuni."

"Kuni zilizimwa tangu uji."

Navalayo akapangusa midomo kwa kiganja. Kijijini kwao, nje kidogo ya Malava, watu walisema Navalayo akikosa uongo wa kukuambia, basi umpime malaria. Ni yeye aliyeapa kwamba alizaliwa na meno, akamng'ata mkunga aliyemjia na kisu butu. Ni yeye pia aliyemwona chatu akiingia kanisani, akaketi kiti cha nyuma, na sadaka ilipoanza kuzunguka akatoka kwa aibu. Watoto waliamini. Watu wazima hawakuamini, ila walisogeza viti karibu.

Uongo ulikuwa wa kila mtu. Sigara ilikuwa yake peke yake. Alikuja kuolewa hapo na Erastus, mkata miwa, akiwa msichana mwembamba ambaye upepo ungeweza kumrudisha kwao. Wanawake wakubwa waliokuwa wakipalilia miwa ndio waliomfundisha kuvuta kwa ndani: upande wa moto unaingia kinywani, upande usio na moto unabaki nje, umebanwa na midomo. Walikuwa na sababu zao. Mvua haiizimi. Mikono yote miwili inabaki kwenye jembe. Na katikati ya miwa iliyokauka, cheche moja ikidondoka, shamba la mtu limekwenda, na pengine mtu mwenyewe yuko ndani. Moto ukikaa kinywani haudondoki. Erastus, aliyekuwa na kiko, alichoma godoro, akachoma pazia, akachoma suruali aliyokuwa ameivaa, kisha akafa kwa kifua. Navalayo, miaka yote hiyo, hakuwa amechoma hata jani. Na akimwona mtu wa heshima anakuja, alikuwa anaivuta sigara yote ndani kwa ulimi, anafunga midomo, anampa mkono, anamsikiliza kwa unyenyekevu. Pasta alimsifu kwa watu kwamba yule mama anajua kusikiliza.

"Naenda kukatia ng'ombe majani," alisema, akachukua panga ukutani.

"Mungu anaona hata ndani ya miwa!" Rachael alimpigia kelele mgongoni.

"Basi ameona ng'ombe hajala!"

Akapita nyuma ya choo, akazunguka kama mtu anayekwenda kwa jirani yake Pascalia, ili Rachael aone hivyo, kisha akakata kona kuelekea shambani.

Ulikuwa mwezi wa kwanza, mwaka wa tisini na nne, jua la kukausha mpaka mate. Miwa yake ilikuwa imepitisha wakati wa kukatwa, trekta za kiwanda hazijafika upande ule, na majani yalining'inia makavu kama karatasi. Kabla ya kuingia, pale kwenye njia tupu ya udongo, aliwasha sigara mpya, ndefu, akaisaga njiti chini ya kisigino mpaka ikawa vumbi. Akaigeuza sigara, akaufunga moto ndani ya kinywa, akapenya kati ya mistari. Alipofika katikati, pale ambapo mtu haoni wala kuonekana, akashusha pumzi. Hapo hata pasta angehitaji mbwa kumpata.

Ndege aliisikia kabla ya kuiona. Aliijua. Ilikuwa ndogo, nyeupe, ikitoka Kisumu kupeleka dawa Kitale, na sauti yake ilikuwa kama ya cherehani ya mshona nguo asiye na haraka. Ilipopita kila mara alikuwa anaipungia panga, na aliwaambia watoto kwamba rubani humjibu.

Siku hiyo cherehani ilikohoa.

Ikashona kidogo, ikakohoa tena. Ukatokea mlio wa chuma kusaga chuma, mlio wa kukwaruza mpaka ndani ya mifupa, halafu ikanyamaza. Navalayo alisimama panga likiwa hewani. Alikuwa amezoea vitu vinavyonyamaza, redio, watoto wakiiba sukari, Erastus akiulizwa alipolala. Lakini kitu kilicho juu angani hakipaswi kunyamaza. Akatazama kwenye upenyo wa majani, akaiona: tumbo jeupe limepakwa uchafu mweusi tangu puani hadi mkiani, kama mtoto aliyeharisha, na ile feni ya mbele imesimama wima, haigeuki hata kidogo. Ilikuwa ikija chini. Ilikuwa ikija kwake.

Kivuli kilimpita. Upepo ukavuma bila injini, fyuuu, kisha miwa ikaanza kuvunjika, si mmoja mmoja, bali kwa mafungu, kama gari moshi la Butere limeacha reli likaamua kupita shambani. Ardhi ikaruka chini ya nyayo zake. Halafu kimya. Vumbi na manyoya ya miwa yakabaki yakielea.

Mtu mwenye akili angekimbia. Navalayo alikimbia pia, ila miguu ilimpeleka upande usiofaa. Alisukuma miwa kwa mabega, akaruka iliyolala, majani yakimchana mikono, na sigara yake, kwa mazoea tu, imekaa pale pale kinywani, imefungwa.

Ndege ilikuwa imelala ubavu kwenye shimo ililojichimbia ndani ya miwa. Pua imekunjika. Bawa moja limevunjika na kusimama juu yake kama mkono wa mtu aliyelala vibaya. Mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani, akining'inia kwenye mkanda, kulikuwa na kijana mwenye ndevu fupi, shati jeupe, damu ikimshuka kutoka kwenye nyusi hadi sikioni. Macho yalikuwa yamefumbwa. Navalayo akaweka mguu kwenye chuma kilichopinda, akajivuta, akaingiza kichwa na mabega mlangoni ili amguse shingo.

Kitu kilimdondokea kwenye kitambaa cha kichwa. Kikateremka shingoni, kikaingia mgongoni. Kilikuwa baridi. Akadhani ni umande, kisha akakumbuka kwamba umande haudondoki jua likiwa juu mwezi wa kwanza. Kikaendelea kudondoka, sasa kama mfereji usiofungwa vizuri, kikamlowesha bega, kikamlowesha gauni. Harufu hakuisikia. Pua yake ilikuwa imefanya kazi ya dohani miaka mingi mno, haikuwa na nafasi ya kazi nyingine.

Kijana akafumbua macho. Mkono wake ukapapasa, ukapata gauni la Navalayo kifuani, ukalishika kwa nguvu ya mtu anayezama.

"Mama," alisema. "Mama, sikiliza. Kuna mtu ana moto hapo nje? Anayevuta sigara, mwenye jiko, yeyote? Waambie wazime. Hiyo inayokumwagikia ni petroli."

Navalayo alibana midomo.

Aliganda pale alipokuwa, nusu ndani, nusu nje. Petroli ilikuwa kichwani mwake, mgongoni mwake, mikononi. Ilikuwa chini ya miguu yake, imeloanisha majani makavu. Na katikati ya yote hayo, nyuma ya meno manne, alikuwa na kaa jekundu.

Aiteme? Itaangukia wapi palipo pakavu? Aitoe kwa vidole? Vidole vinatiririka. Arudi nyuma, atoke taratibu, aende nayo mbali? Kijana amemshika, na kitambaa chake cha kichwa kinadondoka mbele ya pua yake, tone kwa tone, karibu kugusa mdomo. Akaona kipande cha sigara kilichobaki nje ya midomo, chembamba, cheupe, na tone moja likipita mbele yake likakikosa kwa upana wa unywele.

"Mama, unanisikia?" Kijana alimtikisa kidogo. "Huelewi Kiswahili?" Akajaribu lugha ya nyumbani, Kiwanga cha Mumias, sauti ikimkatika. "Mimi ni Mubarak. Mtoto wa Laila, wa Mumias. Usiniache hapa, Kukhu, bibi yangu. Mguu umebanwa."

Navalayo alimtazama machoni. Kisha akafanya ule ujanja aliomfanyia pasta. Ila kwa pasta ilikuwa kila mara kipande kilichokwisha, kaa la kufa. Hii ilikuwa sigara mbichi, ndefu, na moto wake umekolea. Akaivuta yote ndani kwa ulimi. Akafunga midomo. Akalikandamiza kaa kwenye paa la kinywa.

Likachoma. Likalia chiii ndani ya kichwa chake, akalisikia kwa masikio kutokea ndani. Machozi yakamtoka. Alifunga midomo kwa nguvu zote alizobakisha duniani, kwa sababu mtu akiungua hupiga kelele, na mtu akipiga kelele hufungua kinywa. Akalisaga kaa kwa ulimi, ulimi ukachubuka, akalisaga tena. Alimeza. Majivu, tumbaku, karatasi, ngozi yake mwenyewe, vyote vikashuka.

Akasubiri. Akavuta pumzi kidogo kupitia puani, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye nyoka. Hakuna kitu. Moto umekufa.

"Unalia," alisema Mubarak. "Usilie, Mama. Kata tu huu mkanda. Lakini panga lisigonge chuma. Tafadhali. Cheche moja tu."

Navalayo akaitikia kwa kichwa kumwonyesha ameelewa. Akapitisha panga kati ya mkanda na shati, akaanza kukereza taratibu, makali yakitazama nje, mkono mmoja umezuia ubapa usiteleze ukagusa fremu. Mkanda ulikuwa mgumu kama mshipa wa ng'ombe mzee. Nyuzi zikakatika chache. Zikakatika chache tena.

Hapo ndipo aliposikia watu.

Walikuwa mbali, chini, upande wa barabara. Kijiji kizima kiliona ndege ikizama kwenye miwa, lakini miwa ilikuwa imejifunga juu yake, na kutoka barabarani hakukuwa na cha kuona ila majani. Juu ya sauti zote ilisikika ya Cornelius, liguru, yaani mzee wa kijiji. Cornelius alikuwa mtu wa kutoa amri kwanza, kufikiri baadaye.

"Hakuna kuingia! Nani anajua iko mstari gani? Mtapotelea huko mkatwe na majani bure. Tuwashe huku chini, upepo unapanda. Majani yaungue, miwa ibaki imesimama, tutaona mpaka ukucha wa huyo rubani!"

"Ni kweli," mtu akasema. "Ikichomwa inakatwanga haraka."

"Na nyoka zinahama!"

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hivyo ndivyo walivyofanya kila mara walipotaka kufungua shamba upesi: unawasha ukingoni, majani yanaungua kwa dakika chache, unaingia na panga huku unaona mbele. Hata Navalayo mwenyewe angekuwa pale barabarani, angesema washa. Angeleta kiberiti.

Mubarak alikuwa amesikia pia. Mkono wake tu ulikaza gauni, na midomo ikaanza kwenda kwa dua ya chini kwa chini.

Navalayo akageuza uso kuelekea sauti, akafungua kinywa apige ukelele wa kumrudisha nyati.

Ikatoka "aaah," kama ndama.

Akajaribu tena. Ulimi ulikuwa umevimba, umejaza kinywa chote, haugeuki. Mwanamke aliyekuwa akimtukana mtu wa Lubao akiwa amesimama Malava, sasa hakuweza kusema hata jina lake. Majani ya miwa yalikuwa yakipiga kelele kuliko yeye.

"Leta kiberiti," alisema Cornelius huko chini. "Si hicho, kimelowa jasho. Wewe, toa chako!"

Navalayo akaachia mkanda. Akatazama huku na huku. Jiwe? Hapana, jiwe kwenye chuma ni cheche. Panga? Hapana. Akatazama ubavu wa ndege, bati jembamba, pana, limebinuka karibu na kifua chake. Akaligonga kwa kiganja.

Lilitoa mlio mnene, mtupu, kama pipa.

Isukuti ni ngoma ya wanaume. Ndivyo wanaume wanavyosema. Kwenye arusi ya binti wa Pascalia, Navalayo alimpokonya mpigaji ngoma ndefu, akaipiga mpaka upande wa bwana harusi ukasahau kuomba chakula, na Rachael alijifunika uso kwa kitambaa kwa aibu. Sasa akaweka viganja vyote viwili kwenye bati la ndege akaipiga hiyo hiyo. Mkono wa kushoto ukibeba, wa kulia ukiruka juu yake, ule mdundo wa kuita watu watoke majumbani. Akapiga. Petroli iliruka kutoka mikononi mwake ikamwingia machoni. Akapiga.

Chini ikasikika: ta. Ta-ta. Ta-ta-ta-ta.

Huo haukuwa mdundo wake. Alikuwa ameusikia maisha yake yote, sauti ya majani ya miwa yakishika moto. Harufu bado hakuisikia, lakini aliona moshi wa kwanza, mweupe, ukipanda juu ya vichwa vya miwa.

Akapiga kwa nguvu mpya.

"Mnasikia?" Ilikuwa sauti ya Rachael. "Nyamazeni! Mnasikia?"

"Ni ndege inalia," Cornelius akasema. "Injini imekataa."

"Injini ya ndege inapiganga isukuti? Huyo ni Mama! Mama yuko ndani! Zimeni!"

"Mama yako nimeambiwa ameenda kwa Pascalia. Washa upande ule mwingine, wewe—"

Navalayo alisikia kofi. Hata yeye, na masikio yake yamejaa ngoma, alilisikia. Kofi safi, lililonyooka, la mtu anayechapa chapati. Ukafuata mguno wa watu walioona mwanamke akimpiga liguru shavuni mbele ya kijiji, halafu sauti ya Rachael, ambayo haikuwa ya kanisa hata kidogo:

"Kata matawi! Piga moto ufe! Wewe shika udongo! Nani amesimama? Nani amesimama hapo?"

Ta-ta-ta-ta, majani yaliendelea kulia. Yalikuwa karibu zaidi. Navalayo aliacha kupiga, akarudi kwenye mkanda, akakereza, hakujali tena mkono wake uliokuwa ukikatwa. Nyuzi. Nyuzi. Mubarak alikuwa amefumba macho. Moshi ukawafikia, ukawapita, ukazunguka ukarudi. Kipande cha jani kilichoungua, cheusi, kikashuka kutoka angani kikizunguka polepole, na Navalayo akakidaka hewani kwa kiganja na kukifinya kabla hakijatua. Kilikuwa kimepoa. Hakujua kwamba kimepoa alipokidaka.

Kingine kikashuka. Akakidaka.

Chini, matawi yalipiga, paa, paa, paa. Watu walikohoa. Mtu alilia kwamba ameungua mguu. Halafu zile ta-ta zikawa chache. Zikawa moja moja. Zikaisha.

Mkanda ukakatika.

Rachael ndiye aliyetokea kwanza, kitambaa cheupe kimepotea, uso mweusi kwa masizi, nyuma yake wanaume wakifyeka njia. Alimwona mama mkwe wake amempakata mtu mzima kama mtoto. Akakanyaga, akasikia majani yakitoa maji chini ya kiatu, akainua pua. Akaelewa. Akageuka kwa wale wanaume na kusema kwa sauti ndogo sana, "Atakayewasha hata macho yake hapa namuua."

Walimtoa Mubarak mguu ukiwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Wakambeba juu ya mlango wa choo cha Cornelius, maana ndio uliokuwa karibu, mpaka barabarani, kwenye trela la trekta iliyopita na miwa ya watu wengine. Walilazimika kukata gauni la Navalayo kifuani kwa sababu vidole vya kijana vilikataa kufunguka. Akaenda Kakamega hospitalini akiwa na kipande cha kitambaa mkononi, na macho yamefumbwa.

Fundi wa ndege alikuja kutoka Kisumu, akazunguka yale mabaki, akatoa paipu nyembamba kuliko kidole. Ilikuwa imepasuka. Oili yote imemwagika angani, injini ikanoki, ikasimama. "Ni chuma tu, kimechoka," alisema. Kijiji hakikuridhika. Kitu kikubwa namna ile kuanguka kwa sababu ya kitu kidogo namna ile kulionekana kwao kama dharau, na kila boma likatengeneza sababu yake.

Navalayo, ambaye angetengeneza sababu nzuri kuliko zote, hakuweza. Alikaa jikoni kwake na kinywa kilichovimba. Rachael alimlisha uji uliopoa kwa kijiko cha mtoto. Mara ya kwanza alipoinamisha kijiko, alitazama ndani ya kile kinywa alichokuwa amedai kifunguliwe. Aliona ulimi. Aliona paa la kinywa, na duara jeusi lililochomwa pale. Mkono ukasimama na kijiko hewani. Navalayo akangoja.

"Meza," ndilo pekee alilosema Rachael. Jumapili ikapita, jogoo hakuchinjwa, na wazee wa kanisa waliambiwa Mama ni mgonjwa.

Kitu kimoja tu Navalayo alitaka kujua, na hakuweza kukiuliza. Kila mtu aliyetoka upande wa Kakamega alimtazama usoni. Kila mtu alikuja na lake. Mguu umekatwa. Hapana, ni damu imeingia kichwani. Hapana, amehamishiwa Nairobi. Wengine walisema kijana hakufika hata mjini. Usiku mkono wa kijana ulikuwa bado umemshika kifuani, na mchana vilevile.

Kisha Cornelius akaja, shavu limepona, heshima haijapona. Aliketi kwenye kiti cha Erastus bila kukaribishwa, akaweka kofia gotini.

"Nimekuja kwa mambo mawili," alisema. "La kwanza, huyu mke wa mtoto wenu alinipiga mbele ya watu ninaowatawala. Hiyo tunaimalizanga kwa ingokho. Jogoo, si mtetea."

"Jogoo tunaye," alisema Rachael kutoka kwenye mafiga. "Anaota jua. Mwendee ukamwombe mwenyewe."

"Unaona? Unaona, Navalayo? Huyu mtoto wa wenyewe hana breki! La pili ni zito zaidi. Nilikuwa Lubao sokoni, nimekutana na mtu anayefanya kazi pale pale hospitalini. Yule kijana hayupo tena."

Rachael akaacha mwiko ndani ya sufuria.

Navalayo hakutikisika. Mikono yake tu, iliyokuwa mapajani, iligeuka viganja juu.

"Mtu gani?" aliuliza Rachael. "Anaitwa nani?"

"Mtu. Nitakuambia majina ya watu wote wa soko? Sasa, kifo kimetokea ndani ya miwa yenu—"

"Hakikutokea ndani ya miwa yetu! Alitoka akipumua!"

"Kilianzia hapo! Hilo shamba haliwezi kukatwa mpaka lisafishwe kwa kondoo, na kondoo ni wa mwenye shamba. Na nikuambie kitu kingine, Rachael. Wangeniacha nifungue miwa kama nilivyosema, tungemfikia mapema, angekuwa mzima. Kofi lako ndilo lililomchelewesha."

"Kofi langu! Ungewasha upande wa pili, tungemwokota kwa ungo! Wewe na Mama na yeye, wote mngekuwa—"

"Usinifundishe miwa! Nimechoma miwa kabla mama yako hajajua kukuzaa!"

"Ndiyo maana huna nyusi!"

Navalayo aliinuka. Ilimchukua muda, akashika nguzo. Wote wawili wakadhani anatoka nje kulia, wakashusha sauti kidogo. Lakini alisimama mbele ya Cornelius, akafungua kinywa, na kwa ule ulimi mnene akasukuma neno moja, la kwanza tangu siku ile, likatoka limevunjika kila upande.

"Ulimwona?"

"Eh?"

"Wewe. Mwili. Ulimwona?"

"Mimi sikumwona kwa macho, lakini nakuambia kama kiongozi." Cornelius alinyanyuka pia, kofia mkononi, akaipandisha sauti ili hata wapitao njiani wasikie. "Tusidanganyane hapa. Tuseme ukweli kama watu wazima. Kondoo aletwe kesho, pasta aje na maombi yake kama anataka, ila mila ifuatwe, ndipo roho ya huyo kijana itulie. Kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyembeba kwa mikono hii, juu ya mlango wangu mimi, ambao mpaka leo hamjaurudisha, na nilimwangalia usoni nikajua. Nikasema moyoni, huyu Mubarak, huyu mare—"

Mwanga wa mlangoni ukazibika. Mkongojo ukatangulia kuingia, kisha mguu uliofungwa plasta nyeupe hadi gotini ukivuka kizingiti kwa tahadhari, kisha kijana mwenye ndevu fupi aliyeinamisha kichwa ili asigonge paa la jikoni. Nyuma yake alisimama mama mmoja aliyejitanda buibui, kapu mkononi.

"Hodi hapa," alisema Mubarak.